Kikomo ni cha Nani? Historia ya Simu Ugenini na Vifurushi vya "Bila Kikomo"

UTANGULIZI

Mkulima wa Mutukula, mvuvi wa Ziwa Viktoria na dereva wa lori anayengoja zamu yake pale Tunduma wanalijua vizuri jambo moja ambalo wasomi wetu wengi hawajalitafakari. Simu iliyokuwa ikishika mnara wa Tanzania hushika ghafla mnara wa nchi jirani. Ujumbe wa kumkaribisha mwenye simu ugenini huingia, na baada ya hapo salio huanza kuyeyuka. Pengine mwenye simu hajasogea hata hatua mia moja. Ardhi ni ileile na hewa ni ileile. Kilichobadilika ni mwenye mnara.

Kwa upande mwingine, mwananchi wa mjini hununua kifurushi kilichoandikwa kwa herufi kubwa kwamba hakina kikomo. Kabla mwezi haujaisha kasi inashuka, picha haifunguki, na akiuliza anaambiwa kuwa amevuka kiwango cha "matumizi ya haki". Kiwango hicho kilikuwapo tangu mwanzo, ila kiliandikwa kwa herufi ndogo mahali asipopatazama.

Mambo haya mawili huonekana kuwa mbalimbali. Kwa kweli ni swali moja: ni nani mwenye haki ya kuweka kikomo katika kitu ambacho watu wengi wanakitumia kwa pamoja, na kwa kipimo gani? Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa kufuata historia. Tutaona kwamba mpaka unaomkamua msafiri haukuwekwa na maumbile wala na mitambo. Uliwekwa na uhusiano wa umiliki, na ndiyo maana umeweza kusogezwa, na mahali pengine kuondolewa, kila umma ulipodai na mamlaka yake ilipokubali kutenda.

MPAKA KATIKA WAYA

Tatizo hili lina umri mkubwa kuliko simu ya mkononi. Katikati ya karne ya kumi na tisa, simu ya maandishi iliyotumwa kutoka nchi moja ya Ulaya kwenda nyingine ilikuwa ikisimama mpakani. Karani wa upande huu aliiandika, akamkabidhi karani wa upande wa pili, naye akaituma upya kwa waya wa nchi yake. Kila nchi ilikuwa na mitambo yake, kanuni zake na bei yake.

Ili kuondoa vurugu hiyo, mataifa 20 yalikutana Paris na tarehe 17 Mei 1865 yakatia sahihi mkataba ulioanzisha Umoja wa Kimataifa wa Telegrafu, ambao leo ni Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, chombo cha Umoja wa Mataifa chenye makao yake Geneva. Mkataba huo ulikubaliana juu ya mitambo, juu ya bei, na juu ya sarafu ya kufanyia hesabu baina ya nchi na nchi, yaani faranga ya dhahabu. Hapa yafaa tuzingatie jambo moja. Tangu siku ya kwanza kabisa palikuwa na bei mbili: bei anayolipa mtumaji dirishani, na bei ambayo wenye waya wanalipana wao kwa wao nyuma ya dirisha. Bei ya kwanza mwananchi aliiona. Ya pili hakuiona. Karibu historia yote iliyofuata ni historia ya bei hii ya pili.

Pwani yetu iliingia katika mfumo huo mapema. Mwaka 1879 kampuni ya Kiingereza ya Eastern and South African Telegraph ilipitisha waya chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, na kutoka hapo kwenda Msumbiji na Durban. Waya huo haukuwekwa kwa ajili ya mkulima wa karafuu. Uliwekwa kwa ajili ya dola na biashara za wakubwa, na ujumbe ulitozwa kwa idadi ya maneno. Tulikuwa njia ya kupitia; hatukuwa wenye njia.

MPAKA KATIKA HEWA

Tarehe 7 Septemba 1987, huko Copenhagen, makampuni na mashirika ya simu ya nchi 13 za Ulaya yalitia sahihi makubaliano ya kujenga mfumo mmoja wa simu za mkononi, uliokuja kujulikana kama GSM. Nia yake tangu mwanzo ilikuwa kwamba simu ya nchi moja ifanye kazi katika nchi nyingine. Tarehe 1 Julai 1991 simu ya kwanza ya mfumo huo ilipigwa Finland na Harri Holkeri, aliyekuwa Waziri Mkuu wa nchi hiyo hadi mapema mwaka uleule. Mwaka 1992 kampuni ya Finland na kampuni ya Uingereza zikafanya mapatano ya kwanza ya kuhudumiana wateja, mapatano ambayo watu wa kazi hiyo huyaita romingi.

Hapana budi kueleza namna huduma hii inavyofanya kazi, kwa sababu asiyeijua mashine huwa rahisi kudanganywa na mwenye mashine. Simu inapowashwa ugenini hutafuta mnara. Mnara wa nchi ngeni unasoma namba ya laini, unatambua kampuni ya nyumbani, na kuiuliza: huyu ni mteja wenu, mnamdhamini? Kampuni ya nyumbani ikijibu ndiyo, mgeni anahudumiwa. Anapofungua intaneti, data yake kwa kawaida husafirishwa kwanza hadi kwenye mitambo ya kampuni ya nyumbani, na kutoka hapo ndipo inapoingia katika dunia. Baadaye kampuni ya ugenini hupeleka hati ya madai kwa kampuni ya nyumbani. Hati hizo mara nyingi zimekuwa zikihesabiwa kwa SDR, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, kama vile zamani hesabu zilivyofanywa kwa faranga ya dhahabu.

Bei iliyo katika hati hiyo ndiyo bei ya jumla. Juu yake kampuni ya nyumbani huongeza faida yake, na jumla ya yote ndiyo bei ya rejareja anayolipwa na msafiri.

Sasa tujiulize: kwa nini bei hizo zilikuwa kubwa kupita kiasi kwa miaka mingi, ilhali wahubiri wa soko huria wanatuambia kwamba ushindani hushusha bei? Jibu liko katika mpangilio wenyewe. Mteja anachagua kampuni kwa kutazama bei ya nyumbani, ambako anakaa karibu mwaka mzima. Hachagui kwa kutazama bei ya ugenini, ambako anakaa wiki mbili. Kampuni ya ugenini nayo haikuwa na sababu ya kushusha bei, maana mgeni hakuichagua; simu yake ndiyo iliyoushika mnara. Na kampuni ya nyumbani haikuwa na uchungu wa kulipa bei kubwa, kwa kuwa ilimtwika msafiri mzigo wote, kisha nayo ikawatoza vivyo hivyo wageni waliokuja kwake. Wenye minara wa pande zote mbili walifaidika. Aliyelipa ni yule asiyekuwa na kiti mezani.

ULAYA: MIAKA KUMI YA KUSOGEZA MPAKA

Nchi za Umoja wa Ulaya zilikuwa zimeondoa ushuru wa forodha baina yao na wengi wao walikuwa wakitumia sarafu moja. Hata hivyo mfanyakazi aliyevuka kutoka Ubelgiji kwenda Ufaransa alikuta mpaka ungalipo ndani ya mfuko wake. Malalamiko yalikuwa mengi, na uchunguzi wa taratibu za ushindani haukuleta mabadiliko ya maana. Julai 2006 Kamishna Viviane Reding alipendekeza sheria ya kuweka kikomo cha bei. Makampuni yalipinga. Sheria ilipita mwaka 2007, na bei ya simu ugenini ikawekewa dari: senti 49 za euro kwa dakika ya kupiga na senti 24 kwa dakika ya kupokea, kabla ya kodi.

Angalia neno "kikomo" linavyogeuka hapa. Hadi wakati huo kikomo kilikuwa kitu anachowekewa mtumiaji. Sasa mamlaka ya umma ilimwekea kikomo muuzaji.

Data ilikuja baadaye, kwa sababu simu zenye intaneti zilienea baadaye. Tangu Julai 2010 makampuni yalitakiwa kumkatia msafiri data gharama inapofika euro 50, isipokuwa yeye mwenyewe ameomba vinginevyo. Sharti hili lilizaliwa na misiba ya watu waliorudi kutoka likizo na kukuta ankara za kutisha. Mwaka 2012 ndipo dari ya bei ya rejareja ya data ilipowekwa: senti 70 kwa megabaiti moja. Kwa bei hiyo, ambayo ilihesabiwa kuwa nafuu, gigabaiti moja ingemgharimu msafiri takribani euro 700. Mwaka huohuo dari ya bei ya jumla ilikuwa senti 25 kwa megabaiti, yaani takribani euro 250 kwa gigabaiti. Ilipofika Juni 2017 dari ya bei ya jumla ilikuwa euro 7.70 kwa gigabaiti nzima. Mwaka 2025 ilikuwa euro 1.30, na sheria iliyopitishwa 2022 imeipangia kufika euro 1 mwaka 2027.

Ni kweli kwamba katika miaka hiyo mitambo iliboreka na gharama ya kusafirisha data ilipungua. Lakini gharama ingeweza kupungua bila bei kupungua, kama ilivyokuwa kabla. Kilichoifanya bei iifuate gharama ni sheria.

Tarehe 15 Juni 2017 tozo ya ziada ya ugenini ilifutwa katika nchi za Umoja huo. Msafiri akawa anatumia simu kwa bei ya nyumbani. Mwaka 2022 sheria hiyo iliongezewa muda hadi Juni 2032. Kwa upande mwingine, baada ya Uingereza kutoka katika Umoja huo na kipindi cha mpito kuisha mwishoni mwa 2020, baadhi ya makampuni makubwa ya nchi hiyo yalirudisha tozo kwa wateja wao wanaokwenda Ulaya. Minara ilikuwa ileile na masafa yaleyale. Ulinzi wa sheria ulipoondoka, mpaka ulirudi.

UPANDE WA PILI WA HAKI

Tukiishia hapo tutakuwa tumesema nusu ya ukweli, na kada anayesema nusu ya ukweli huwapotosha wenzake. Mnara ni kama kisima cha kijiji. Hutoa kiasi fulani kwa saa, na mmoja akija na pipa kila asubuhi, wenye ndoo watasubiri. Tena katika nchi za Umoja wa Ulaya bei za nyumbani zilitofautiana sana. Kama sheria ingesema tu kwamba kila mtu atumie laini yoyote popote bila sharti, mtu angenunua laini katika nchi yenye bei ndogo na kuitumia mwaka mzima katika nchi yenye bei kubwa. Kampuni ya nchi yenye bei ndogo ingelipa bei ya jumla kila siku, na mwishowe ingepandisha bei kwa wateja wake wa nyumbani. Hapo mzee wa kijijini ambaye hajawahi kuvuka mpaka angekuwa anamlipia msafiri.

Palikuwa pia na mgongano baina ya nchi na nchi. Nchi za kusini zinazopokea watalii wengi, ambazo hujenga minara ya kutosheleza umati wa miezi michache ya kiangazi, zilitaka bei ya jumla isishuke sana. Nchi za kaskazini zinazopeleka watalii, na ambazo wananchi wake wamezoea vifurushi vikubwa kwa bei ndogo, zilitaka ishuke chini kabisa. Usemi wa "mteja" kwa jumla ulificha wateja wa namna mbalimbali wenye maslahi mbalimbali. Kwa hiyo kikomo fulani kilihitajika. Ubishi ulikuwa juu ya aina yake.

Mwanzoni mwa Septemba 2016 Kamisheni ya Ulaya ilitoa rasimu yenye kikomo cha siku: msafiri atumie bei ya nyumbani kwa siku 90 tu katika mwaka. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba rasimu hiyo iliondolewa baada ya siku chache tu. Rasimu nyingine iliyotoka kabla mwezi haujaisha iliacha kuhesabu siku. Badala yake iliuliza kama mtu ana uhusiano wa kudumu na nchi ya laini yake, kwa makazi, kwa kazi au kwa masomo. Mwanafunzi anayesoma nchi ya pili na mfanyakazi anayevuka mpaka kila asubuhi, watu ambao kikomo cha siku kingewaumiza kwanza, waliingizwa katika kanuni kwa jina.

Kanuni iliyopitishwa Desemba 2016 ilikwenda hivi. Kampuni inaweza kuyatazama matumizi ya mteja kwa muda usiopungua miezi minne. Ikionekana kwamba kwa sehemu kubwa yuko ugenini na anatumia simu zaidi ugenini kuliko nyumbani, kampuni humwonya kwanza, na mteja anapewa siku 14 za kujieleza. Ni baada ya hapo tu ndipo tozo ya ziada inaweza kuwekwa, nayo haiwezi kuzidi dari ya bei ya jumla. Kampuni nayo ina mlango wake: ikiweza kuthibitisha kwa mamlaka ya nchi yake kwamba hasara ya huduma ya ugenini inafika asilimia 3 ya faida ya huduma zake za simu, inaweza kuruhusiwa kutoza kwa muda.

HESABU YA "MATUMIZI YA HAKI"

Je, kifurushi cha "bila kikomo" kinakuwaje ugenini? Hapa ndipo somo lenyewe lilipo, nasi tunawashauri wanafunzi walichukue kalamu na karatasi. Kanuni inasema: chukua bei ya kifurushi bila kodi, igawe kwa dari ya bei ya jumla ya gigabaiti moja, kisha zidisha mara mbili. Kiasi kinachopatikana ndicho cha chini kabisa ambacho kampuni inapaswa kumpa msafiri kwa bei ya nyumbani.

Tuchukue kifurushi cha euro 30 bila kodi. Mwaka 2017 hesabu ilikuwa 30 kugawa kwa 7.70, mara mbili: karibu gigabaiti 7.8. Mwaka 2025 ilikuwa 30 kugawa kwa 1.30, mara mbili: gigabaiti 46. Fedha aliyolipa mteja haikubadilika, lakini haki yake ilikua karibu mara sita kwa sababu bei ya nyuma ya dirisha ilishushwa. Kwa hiyo anayetaka kupigania kikomo cha rejareja bila kuigusa bei ya jumla anapogoa matawi huku mizizi ikimcheka.

Hesabu hii ina sifa tatu. Kwanza iko wazi. Mwanafunzi wa shule ya sekondari anaweza kuikagua. Pili inafuata gharama. Gharama ikishuka kikomo kinapanda chenyewe. Tatu kampuni inalazimika kumweleza mteja kiasi chake waziwazi katika mkataba, kabla hajakianza. Ina kasoro pia, nayo tuitaje: kikomo kinakwenda na mfuko. Mwenye kifurushi cha euro 10 anapata theluthi ya anachopata mwenye kifurushi cha euro 30. Ni haki ya biashara iliyonyooshwa, bado si usawa.

"BILA KIKOMO" NCHINI MAREKANI

Ili kuona tofauti ya kikomo cha namna hiyo na kile kinachofichwa, tutazame Marekani, ambako vifurushi vya "bila kikomo" vilipimwa mahakamani. Kampuni ya AT&T ilikuwa imeuza vifurushi hivyo simu za kisasa zilipoanza kuenea. Mwaka 2010 iliacha kuviuza kwa wateja wapya, lakini waliokuwa navyo waliendelea navyo. Mwaka 2011 ilianza kupunguza kasi ya wateja wa "bila kikomo" waliofikia kiasi fulani katika mwezi.

Oktoba 2014 tume ya serikali kuu inayosimamia biashara na kulinda wateja iliishtaki. Kwa mujibu wa mashtaka, wateja zaidi ya milioni 3.5 walikuwa wamepunguziwa kasi, wengine baada ya kutumia gigabaiti 2 tu, na kasi ilishuka kwa hadi asilimia 90. Kampuni ilijitetea kwanza kwa kusema tume haina mamlaka juu yake. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikaikataa hoja hiyo. Novemba 2019 pande zote zilipatana: kampuni ikakubali kutoa dola milioni 60 za kuwarudishia wateja, na kutotaja tena kiasi au kasi ya data bila kueleza masharti yake mahali panapoonekana.

Ilichukua miaka minane tangu kasi ilipoanza kupunguzwa hadi mapatano. Hakuna aliyesema kwamba kampuni haina ruhusa ya kuilinda minara yake isisongwe. Shauri lilikuwa juu ya neno. Kuuza kitu kwa jina la "bila kikomo" huku kikomo kikiwa mfukoni mwa muuzaji ni sawa na mfanyabiashara anayeuza mchele kwa kibaba chenye kitako cha uongo. Mchele ni wa kweli, kibaba ndicho cha hila.

AFRIKA MASHARIKI: MPAKA UNAPOFUTWA ASUBUHI MOJA

Sasa turudi nyumbani. Nchi zetu hazikuanza zikiwa zimetengana katika mawasiliano. Chini ya Mkataba wa 1967, posta na simu za Tanzania, Kenya na Uganda ziliendeshwa na shirika moja la umma la Jumuiya ya Afrika Mashariki, lenye makao yake makuu Kampala. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, shirika hilo liligawanywa, na kila nchi ikaunda lake. Simu ya mkononi ilipokuja katika miaka ya 1990 ilikuta nyumba tatu zenye kuta, na wenye mitaji ya nje wakapanga chumba kimoja kimoja.

Mwezi Septemba 2006 lilitokea jambo la kufundisha. Kampuni ya Celtel, iliyokuwa na mitandao katika Kenya, Uganda na Tanzania, ilitangaza kwamba mteja wake wa nchi moja atapokea simu bure katika nchi nyingine mbili na atapiga kwa bei ya kule aliko. Mwaka 2007 mpango huo ulienezwa hadi nchi nyingine, zikiwamo Gabon na nchi mbili za Kongo. Haya yalitokea kabla ya sheria ya Ulaya kuanza kutumika, na miaka kumi na zaidi kabla Ulaya haijafuta tozo ya ziada. Hakuna mtambo mpya uliogunduliwa mwezi ule wa Septemba. Mwenye minara wa pande zote alikuwa mmoja, hakuwa na mtu wa kumtoza bei ya jumla isipokuwa yeye mwenyewe, na mpaka ukafutika asubuhi moja. Ni ushahidi gani mwingine unaohitajika kwamba mpaka ule ulikuwa wa umiliki?

Hata hivyo ulikuwa mpango wa biashara wa kuwavuta wateja, nao uliwafaa walio ndani ya kampuni ile tu. Kinachotolewa na kampuni kwa hiari yake kinaweza kuondolewa na kampuni kwa hiari yake. Kampuni ile ilibadilishwa jina kuwa Zain mwaka 2008, na mwaka 2010 mitandao yake ya Afrika iliuzwa kwa Bharti Airtel ya India. Uamuzi juu ya mazungumzo ya mama wa Moshi na mwanawe aliye Nairobi ulihamia mezani pa wengine bila wao kuulizwa.

Hatua ya serikali ilikuja baadaye. Kati ya mwisho wa 2014 na 2015, Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilianza kutekeleza mpango wa eneo moja la mtandao. Kupokea simu ugenini kukawa bure na bei ya kupiga ikawekewa dari ya senti 10 za dola kwa dakika. Serikali hizo zilitakiwa pia kuondoa, kwa simu za baina yao, tozo zilizowekwa juu ya simu zinazoingia kutoka nje. Jambo hili lisipitwe kimya: si kampuni peke yake inayochora mpaka katika hewa. Serikali inayotafuta mapato nayo huuchora, na mlipaji ni yuleyule. Tanzania na Burundi hazikuwamo katika kuanza kwa mpango huo. Tena ulianza na sauti. Data, ambayo ndiyo uhai wa mfanyabiashara mdogo na mwanafunzi wa leo, haikuwamo katika dari ile ya mwanzo.

Nyumbani Tanzania, suala la kikomo lilijitokeza kwa nguvu Aprili 2021. Kanuni ndogo za vifurushi za Mamlaka ya Mawasiliano zilianza kutumika tarehe 2 ya mwezi huo. Zilikuwa na masharti mema: mteja aarifiwe anapofikia asilimia 75 na asilimia 100 ya kifurushi chake, na aweze kumhamishia mwenzake sehemu ya kifurushi hicho. Lakini bei mpya zilizotoka pamoja nazo zilikuwa juu, wananchi wakalalamika, na serikali ikazisitisha. Mafundisho yake ni kwamba mteja akilindwa dirishani peke yake, muuzaji hulipiza kwenye bei. Ulinzi wa dirishani na usimamizi wa bei havina budi kwenda pamoja.

HITIMISHO

Historia hii inatupa vipimo vitatu vya kupima kikomo chochote, kiwe cha siku, cha gigabaiti au cha kasi.

Kwanza, nani amekiweka? Kikomo kilichowekwa na muuzaji peke yake, kwa siri na kwa faida yake, ni hila hata kikiitwa "matumizi ya haki". Kilichojadiliwa hadharani kinaweza kusahihishwa, kama siku 90 za mwaka 2016 zilivyosahihishwa kwa siku chache.

Pili, kinajulikana kabla ya kununua? Mwananchi anayeambiwa mapema kwamba kasi itapungua baada ya gigabaiti fulani anaweza kupanga. Anayeambiwa baadaye ameibiwa, hata kama kiasi ni kilekile.

Tatu, kinafuata gharama ya kweli? Asiyeijua bei ya jumla hawezi kulijibu swali hili. Ndiyo maana dai la kwanza la umma wa Afrika Mashariki lisiwe "tupunguzieni vifurushi" tu. Liwe kwamba bei ambazo makampuni yanalipana kwa data ya ugenini zitangazwe na ziwekewe dari baina ya nchi zote za Jumuiya, kama ilivyofanywa kwa sauti baina ya baadhi yao.

Makada na wanafunzi wana kazi ndogo ya kuanzia, nayo haihitaji bajeti. Wachukue kifurushi wanachotumia wao wenyewe, wasome masharti yake yote hadi mwisho, waandike kikomo chake kwa tarakimu, kisha wakawaeleze watu wa tawi lao na wenzao wa darasani. Wale walio mipakani wawafundishe wenzao kuzima data ya ugenini katika simu zao kabla ya kufika kituoni, ili mnara wa jirani usile salio la siku nzima. Dereva wa Tunduma atafaidika leo kwa kujua hilo. Atafaidika zaidi siku ambayo hatalazimika kulijua.